Maswali mnayotuuliza kila mwaka: idara ya fizikia na astronomia, Moshi

Maswali haya yametoka kwa watu: wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye wiki ya usajili, wazazi wanaopiga simu matokeo ya kidato cha sita yakitoka, walimu wa sekondari za Hai, Rombo na Arumeru, na majirani wanaotukuta uwanjani usiku na darubini. Tumeanza na ya msingi, yale ya nadra yako mwishoni.

## Kuingia

Nahitaji mchepuo gani wa kidato cha sita?

PCM (fizikia, kemia na hesabu) ndiyo njia iliyonyooka. PGM (jiografia badala ya kemia) nayo inafaa. Mwenye PCB (baiolojia badala ya hesabu) anaweza, ila ajue kwamba BAM (somo la hesabu za msingi) pekee haitamtosha na atalazimika kujiongeza hesabu mapema. Sifa za chini hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwenye mwongozo wa udahili, na kila chuo kinaweza kuongeza masharti yake. Usome mwongozo wa mwaka unaoomba, usitegemee wa kaka yako. Wenye stashahada wana sehemu yao kwenye mwongozo huo huo.

Kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza ni hesabu. Ukiwa nyumbani unasubiri majibu ya udahili, rudia kalkulasi na vekta kwa kalamu na karatasi. Ukifika unajua kutafuta mnyambuo (derivative) bila kuhangaika, umekanika (mechanics) utaielewa kwa raha.

Kuna shahada ya astronomia peke yake?

Kwetu hakuna. Unasoma fizikia, na astronomia inaingia kama kozi ndani yake kuanzia mwaka wa pili, kisha kama mradi wa mwaka wa mwisho kwa anayetaka. Wengine hukata tamaa wakisikia hivyo, na hakuna sababu. Anayepima joto la nyota anatumia thermodinamiki ile ile, na anayepima uzito wa sayari anatumia mvutano ule ule wa Newton. Bila hivyo utabaki kutazama picha tu.

Mwanangu akimaliza atafanya kazi gani?

Wengi wanakuwa walimu, na tunalisema hilo kwa fahari, kwa sababu shule zetu bado zina njaa ya walimu wa fizikia. Nje ya darasa kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuna Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), kuna hospitali zenye tiba ya mionzi kama Ocean Road na Bugando ambako wanahitajika wanafizikia wa tiba, na kuna kampuni za umeme wa jua. Wapo pia wanaoingia benki na kampuni za simu kwa sababu wamezoea kuchambua data. Hatuwezi kumhakikishia mzazi ajira. Tunachoweza kuhakikisha ni kwamba kijana hatatoka hapa bila kujua kuandika programu, kupima kitu na kueleza kosa la kipimo chake.

## Maabara na utafiti

Mazoezi ya maabara ni yale yale ya sekondari?

Yanaanza karibu na hapo, kisha yanatoka nje ya jengo. Zoezi linalopendwa zaidi ni la mgandamizo wa hewa. Baadhi ya simu za siku hizi zina kipima mgandamizo wa hewa ndani yake. Kundi linapanda daladala kwenda Marangu, mmoja anasoma hektopaskali, mwingine anaandika mwinuko, na kila mita 9 au 10 namba inashuka kwa moja. Wakifika geti la mlima, lililo mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo umepungua kwa takriban hektopaskali 100 kutoka mjini. Jioni wanarudi na kuchora grafu, na hapo ndipo linapozuka swali la kwa nini maharage huchelewa kuiva huko juu. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi. Kwenye kibanda cha Kibo mlimani, mita 4,720, huchemka kwenye 84 au 85. Hesabu ya kufika kwenye namba hizo wanaifanya wenyewe.

Mtafitije anga bila darubini kubwa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo tungependa kila kijana wa hapa alisikie: data za darubini kubwa ziko wazi, na ni zako kama zilivyo za mwanafunzi wa Ulaya.

Chombo cha Gaia cha Ulaya kilitoa mwaka 2022 orodha ya nyota karibu bilioni 1.8, mahali zilipo na mwendo wake, na yeyote mwenye intaneti anaichukua bure. Chombo cha TESS cha Marekani, kilichorushwa 2018, kinapima mwanga wa nyota kwa kurudia rudia, na vipimo vyake vinawekwa hadharani. Mwanafunzi wetu anachagua nyota, anapakua data usiku intaneti ikiwa nyepesi, anafungua Python (lugha ya kuandikia programu) na kuchora mstari wa mwanga. Mwanzoni anaona vumbi la nukta tu. Anaondoa vipimo vilivyoharibika, anakunja grafu kwa kipindi anachokikisia, anakosa, anabadilisha kipindi, na ghafla nukta zinajipanga na kishimo kidogo kinajitokeza katikati. Kishimo kile ni sayari inayopita mbele ya nyota yake. Sayari ya ukubwa wa Mshtarii ikipita mbele ya jua kama letu hufunika asilimia 1 ya mwanga. Ya ukubwa wa Dunia hufunika chini ya asilimia 0.01, ndiyo maana kuipata ni kazi ya uvumilivu.

Zaidi ya hapo, bara letu lina vyombo vyake. MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ina antena 64 jangwani Karoo na ilizinduliwa 2018. Antena hizo zitaingizwa kwenye SKA, mradi mkubwa wa kimataifa wa darubini za redio. Namibia kuna darubini za H.E.S.S. zinazonasa miale ya gama. Mwaka 2024 mkutano mkuu wa Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Milango inafunguka, na anayefika mlangoni na ujuzi wa data tayari mkononi ndiye anayeingia.

Kikwazo cha kweli kwetu ni bando na umeme. Kwa hiyo data zinazotumiwa mara nyingi tumezihifadhi kwenye kompyuta ya idara. Njoo na diski yako.

Anga la huku lina faida gani?

Arusha na Moshi ziko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yetu ndani ya mwaka. Jioni ya Mei wingu la masika likipasuka, simama uangalie kusini: Msalaba wa Kusini umesimama kiasi cha theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Geuka kaskazini saa ile ile, utaona Dubu Mkubwa naye yuko kimo kile kile. Mtu wa London hauoni Msalaba maisha yake yote akikaa kwao, na mtu wa Cape Town hampati Dubu akiwa juu namna hii. Nyota ya Kaskazini ndiyo tunayoikosa, kwa sababu iko chini kidogo ya upeo wetu.

Wazee walilijua anga hili. Msemo wa kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua unaweza kuuhakiki mwenyewe: kundi hilo la nyota hupotea magharibi jioni mwanzoni mwa Mei, masika ikiwa bado haijaisha, na hurudi mashariki alfajiri kuanzia Juni, kiangazi kikianza.

Jambo jingine la kujaribu: tarehe 11 au 12 Machi, na tena tarehe 1 au 2 Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Simamisha chupa wima uwanjani. Hapa Moshi, Machi kivuli chake kitatoweka kama saa 6:41 mchana, Oktoba kama saa 6:20. Kwa nini isiwe saa 6 kamili, na kwa nini miezi hiyo miwili itofautiane kwa dakika 20, ni swali zuri la kuanzia mwaka wa kwanza.

Mnafanya utafiti usiohusu nyota?

Ndiyo, na kwa watu wa huku pengine ndio wenye uzito zaidi. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wa baadhi ya vijiji vya Arumeru ni ushahidi wa kila siku, na kiwango kikizidi sana mifupa nayo inaharibika. Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi kwa miaka mingi ya kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina watafiti wa maji na nyenzo.

Fizikia inaingia wapi? Kwenye moto. Mifupa ikichomwa kwa joto dogo, maji yatoka na rangi na harufu. Joto likizidi, vitundu vya mkaa vinaharibika na floridi hainaswi tena. Kupima joto la tanuri na kuelewa vitundu vile ni kazi ya mwanafizikia kabisa. Tunatamani wanafunzi wengi zaidi waichague.

Swali langu linaonekana la kijinga. Nilete?

Lilete. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto kwenye friza na ukaganda kabla ya ule uliopozwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na mwingine, akiwa Mkwawa, Iringa, akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Baadaye, akiwa huko huko Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar akalijaribu. Makala yao ikachapishwa 1969, Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa hapa juu ya Moshi.

Mabishano hayajaisha. Wapo waliorudia vipimo kwa uangalifu miaka ya karibuni wasione tofauti, na wapo wanaotetea. Lakini maabara za dunia nzima zimepima maji kwa sababu kijana mmoja wa Tanzania hakukubali kunyamaza. Idarani kwetu kucheka swali la mtu ni kosa, na tunalichukulia hivyo.

Nitapataje msimamizi wa mradi, na jina langu litakuwa kwenye makala?

Usisubiri upangiwe. Mwisho wa mwaka wa pili pita ofisini, sema unachopenda, uliza anachofanya. Mhadhiri anakubali kirahisi zaidi mwanafunzi aliyemwona kwenye baraza (tazama swali la Alhamisi hapa chini).

Kuhusu jina: aliyepima, aliyechambua au aliyeandika, jina lake linaingia. Aliye bosi tu haingii kwa cheo. Mkubaliane mwanzoni kabisa na mwandike, kwa sababu ugomvi wa majina huvunja urafiki wa miaka.

Natoka nje ya nchi na nataka kufanya utafiti nanyi.

Karibu. Utahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mshirika wa hapa, na maombi huchukua muda, basi anza kabla hujakata tiketi. Tunaomba jambo moja zaidi: data zikikusanywa Kilimanjaro au Arusha, nakala ibaki huku na mwanafunzi wa huku awe miongoni mwa wachambuzi.

## Maisha ya idarani

Baraza la Alhamisi ni nini?

Ni semina ya saa 10 jioni, pamoja na chai na chochote kilichopatikana cha kutafuna. Mtu mmoja anaeleza anachofanya, kiwe kimekamilika au kimekwama. Kilichokwama kinapendeza zaidi, maana chumba kizima kinaanza kufikiri. Slaidi huwa za Kiingereza, mazungumzo yanaishia Kiswahili, na hatumkatazi mtu. Maswali mawili ya kwanza ni ya wanafunzi, maprofesa wanasubiri. Fundi wetu wa maabara naye hukaa mbele, na kwa mambo ya vifaa hakuna anayemzidi. Wa sekondari na walimu wao wanakaribishwa.

Nimwite vipi mhadhiri wangu?

"Dokta" au "Prof" na jina la ukoo ofisini, "Mwalimu" popote pale. Fundi mkuu ni "Mzee" kwa wote. Walio mbele yako kimasomo ni kaka na dada, na wanatarajiwa kukushika mkono hasa. Shikamoo haikuzuii kupinga hoja: ukishaitikiwa, sema kwamba mlinganyo ubaoni una kosa.

Nimepata sapu. Nitadisko?

Sapu moja haijamfukuza mtu. Kinachowamaliza wanafunzi ni kujificha: anaona aibu, anaacha kuja darasani, bumu (pesa ya mkopo) likiingia analala geto, na mwisho wa mwaka ndipo tunajua. Njoo siku ile ile matokeo yakitoka. Kila Jumamosi asubuhi wa mwaka wa tatu na wa nne hukaa na wanaorudia mitihani, na wengi wa hao wanaofundisha waliwahi kukaa upande wa pili wa meza.

Wasichana mko wangapi, na nitakuwa salama?

Bado ni wachache kuliko wavulana, na hatulifurahii. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, ndiye aliyeona alama ndogo kwenye karatasi za kipimo iliyoleta ugunduzi wa pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio. Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake na mwenzake. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 alizitoa zote kusomesha wanafunzi ambao fizikia imewaacha nje. Tunamtaja kila mwaka.

Kuhusu usalama tunasema bila kuzungusha. Mhadhiri anayedai mwili kwa ajili ya alama anafanya rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Huna deni lolote kwake. Mweleze unayemwamini, nenda dawati la jinsia la chuo, au piga TAKUKURU namba 113 bila malipo. Tunza ujumbe wa simu, usiufute. Mikutano ya usimamizi kwetu hufanyika mchana na mlango wazi. Usiku wa darubini hakuna anayerudi hosteli peke yake. Na kama anayekusumbua ni mwanafunzi mwenzako, njia ni hizo hizo.

Kusoma mwanzo wa ulimwengu kutaniharibia imani?

Aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kwa kupanuka kutoka hali ndogo sana, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Kikatoliki. Tuna Wakristo na Waislamu wanaofahamu vema kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na wanaenda ibadani. Tunachodai kwenye mtihani ni ushahidi na hesabu.

## Usiku wa darubini

Lini na wapi?

Msimu mzuri ni Januari na Februari, kisha Septemba na Oktoba. Juni na Julai, ambako wengi wangedhani ni kiangazi safi, mji hufunikwa na wingu la mlimani siku nyingi mfululizo. Tukitaka giza la kweli tunakwenda upande wa Siha na magharibi ya Kilimanjaro, ambako mvua ni haba na taa ni chache. Ni bure. Vaa koti, na tochi yako uifunike kwa mfuko mwekundu ili macho ya wenzako yasipoteze giza.

Nitaona nini?

Mashimo ya mwezi, miezi minne ya Mshtarii, na Zohali na pete zake. Pete hizo zilikuwa zimelala ubavu mwaka 2025 zikawa karibu hazionekani, na sasa zinafunguka kidogo kila mwaka. Usitarajie rangi za picha za mtandaoni. Galaksi kwenye jicho ni ukungu wa kijivu. Lakini mwanga ule umesafiri kweli hadi kwenye jicho lako.

Ninunue darubini gani?

Anza na darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, kioo cha mbele milimita 50). Ile ya dukani iliyoandikwa "mara 500" iache dukani. Na hapa Moshi adui mkubwa ni unyevu: kuvu huota kwenye vioo, kwa hiyo hifadhi kwenye boksi lililofungwa pamoja na vifuko vya kukausha.

## Maswali ya nadra, ila yanarudi

Nimeona taa zimepangana mstari zikipita angani.

Karibu kila mara ni setilaiti za Starlink siku chache baada ya kurushwa, kabla hazijatawanyika. Zimeanza kurushwa kwa makundi 2019.

Nina jiwe zito jeusi. Ni kimondo?

Huku kwetu mawe meusi mazito yamejaa kwa sababu ya volkano, na mengi yanavutwa na sumaku. Angalia kama lina vitundu vya hewa: likiwa navyo, si kimondo. Lisugue nyuma ya kigae cha bafu, upande usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, ni madini ya chuma ya kawaida. Likifaulu yote mawili, lilete. Kimondo cha Mbozi, chenye tani takriban 16, ni chuma na nikeli, na inafaa kila mtafutaji akakione. Hatununui mawe, na hatuthibitishi "zebaki nyekundu" wala rupia (sarafu za kale) za kutibu. Watakaokuambia zina nguvu za mionzi wanakutafuta pesa.

Nimekuta chombo cha chuma chenye alama ya mionzi.

Usikifungue, usikibebe, usikiuze kwa wa vyuma chakavu. Ondoa watoto, simama mbali, wapigie polisi na TAEC, ambayo ina ofisi na maabara Njiro, Arusha.

Mwezi wa Ramadhani utaonekana lini?

Tunaweza kukokotoa saa ya mwezi kuzaliwa na umbali wake kutoka jua magharibi ya siku hiyo. Mwezi wenye umri chini ya saa 15 hauonekani kwa macho matupu. Huku karibu na ikweta hilali huwa imelala kama mashua, basi usiitafute ikiwa imesimama. Kutangaza mfungo ni kazi ya viongozi wa dini, na hesabu zetu tunawapa wakiomba.

Mnaweza kunisomea nyota yangu?

Hapana. Tunachoweza kukuambia ni umbali wake na joto lake.

Shule yetu itatazamaje kupatwa kwa jua kwa 2027?

Ni Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, mchana. Kupatwa kikamilifu kutapita kaskazini mwa Afrika, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Sisi tutaona sehemu tu ya jua ikiliwa, tofauti na 1 Septemba 2016 ambapo watu walifurika Rujewa, Mbeya, kuona jua likibaki pete. Kwa kuwa haitakuwa kamili kwetu, hakuna dakika hata moja ya kutazama bila kinga. Filamu ya eksirei, CD, miwani ya jua na ndoo ya maji havikingi macho. Tumieni miwani yenye kiwango cha ISO 12312-2, au toboeni tundu dogo kwenye karatasi na kutazama picha ya jua ikianguka ukutani. Mwalimu anayetaka kuazima miwani ya idara aandike barua mapema, kwa jina la shule na idadi ya wanafunzi. Tutaanza kugawa kwa shule za mbali kwanza.